Ugali Mbichi Mbele ya Wakwe

Vibarua wengine hawajafika, lakini Rhobi Makongoro ameshawasha jiko. Maji yanachemka kwenye sufuria, unga wa muhogo uliochanganywa na mtama uko pembeni kwenye ungo, na yeye mwenyewe amechuchumaa akiutazama mkaa kama mama anayemtazama mtoto mwenye homa. Ukimkuta hivyo utadhani anawaandalia wenzake chai. Sivyo. Rhobi anapika ugali wa ukaguzi.

Anasonga, anageuza, anaupua. Kisha anamega tonge, na hamegi pembeni. Anazamisha vidole katikati kabisa, chini, mahali ambapo ugali usioiva hupenda kujificha. Anatafuna taratibu, macho ameyafumba.

"Umeiva," anasema, na mabega yake yanashuka.

Hapo ndipo anapovua ufunguo alioufunga kwenye kona ya khanga na kwenda kufungua stoo. Magunia ya leo yanaruhusiwa kutoka.

Hapa ni kwenye ua wa karakana ndogo nje kidogo ya mji wa Bunda, ambako mabua ya pamba yanageuzwa kuwa mkaa. Kazi ya Rhobi, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, ni kusimamia vichanja vya kuanikia: kupanga mkaa ukitoka mashineni ukiwa bado tope, kuugeuza, kuufunika mvua ikitishia, na kuamua lini uingie kwenye gunia. Analipwa shilingi elfu arobaini kwa wiki. Huo ugali wa ukaguzi haumo kwenye malipo wala kwenye maagizo ya mtu yeyote. Unga anatoa kwake.

"Daktari ana kipimo chake. Anakichomeka kwenye mkaa, kinamwambia kama kuna maji," anasema. "Kile nakiamini. Ila mimi mwenyewe ndiyo sijiamini."

Daktari anayemtaja ni Dk. Hyasinta Burito, mtafiti wa mazingira wa chuo kikuu kimoja nchini, mzaliwa wa huku huku Mara. Kwa miaka kadhaa alikuwa akichunguza jambo ambalo kila mkulima wa pamba wa Bunda analijua na hakuna aliyelitilia maanani. Baada ya mavuno mkulima hutakiwa kung'oa mabua na kuyateketeza ili wadudu wasibaki shambani. Basi kila mwaka moshi hutanda, kisha watu wale wale huchukua shoka na kwenda kukata miti ya kupikia.

"Sisi tulikuwaga tunachoma tu, halafu jioni tunaenda kutafuta kuni kilimani," anasema Rhobi. "Hatukuonaga kama ni ajabu."

Dk. Hyasinta aligundua kwamba mabua yakiunguzwa ndani ya pipa lililozibwa, yakasagwa, yakakandwa kwa uji wa muhogo na kushindiliwa kwenye mashine, yanatoa mkaa mzuri. Aliandika ripoti, akasifiwa, na ripoti ikaenda kulala kabatini. Huenda ingekuwa huko mpaka leo kama asingekutana kwenye maonyesho ya Nanenane na Evance, mfanyabiashara wa majiko wa Mukendo, Musoma, mtu asiyependa maneno mengi.

"Nilimuuliza swali moja tu," anasema Evance. "Daktari, hiki kitu kinauzika? Akaniambia hajui. Nikampenda kwa hilo. Wengi wangenidanganya."

Wakaandikiana mkataba wa majaribio. Chuo kikatoa utaalamu na vipimo, Evance akatoa mashine na soko, na kikundi cha akina mama wa kijiji cha Rhobi kikatoa mabua na nguvu kazi. Majaribio yakifaulu, Evance ataleta mashine ya pili na akina mama watakuwa wabia. Yasipofaulu, kila mtu atarudi alikotoka. Rhobi, kwa kuwa ni mwangalifu na hana mzaha na kazi, ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo.

Sharti lilikuwa moja na halikuwa gumu kulielewa. Mkaa usitoke kichanjani kabla haujakauka mpaka ndani.

Novemba mwaka jana akafariki mama mkwe wa Rhobi, mama yake Clementi, mume wake. Alikuwa bibi aliyekula chumvi nyingi, msiba wake ukawa mkubwa. Na kwa kuwa Rhobi ndiye mke wa mji ule, jiko la msiba likawa lake.

Hapa msomaji asiye mwenyeji wa Mara inabidi aelezwe kidogo. Msiba ukitokea, jirani haji mikono mitupu. Wanaume wanakuja na majembe ya kuchimbia kaburi, na kila mama anakuja na mzigo wa kuni kichwani. Anautua nyuma ya jiko, ndipo analia. Lile rundo la kuni ndilo linalosema mwenye msiba anapendwa kiasi gani.

Rhobi alizikataa kuni.

Anaposimulia hapa anaacha kupanga mkaa, anafuta mikono kwenye khanga ingawa haina haja, na anaongea akitazama chini.

"Niliwatangazia. Nikasema msilete kuni, mimi nina mkaa wangu, kuni ni mambo ya zamani. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Nilikuwa nataka wakwe zangu wa Buswahili waone. Nilikuwa nataka waone mama yake Consolata anafanya kazi na chuo kikuu."

Consolata ni binti yake wa kwanza, ameolewa Buswahili, wilaya ya Butiama. Wakwe kwa watu hawa si wageni wa kawaida. Wanapokelewa kwa adabu, wanakaa mahali pao, wanapakuliwa kabla ya watu wengine, na sahani yao haitakiwi kuwa na dosari hata ya punje.

Wiki hiyo mvua za vuli zilikuwa hazitaki utani. Mkaa mkavu uliokuwapo stoo ulikuwa umeshachukuliwa na Evance kwenda Musoma. Kwenye vichanja kulikuwa na mkaa mpya, mkavu kwa nje, mzuri wa kutazama. Dk. Hyasinta alikuwa amepiga simu kutoa pole, na kabla hajakata akamkumbusha kwamba ule wa kichanjani bado.

"Alinikumbusha," anasema Rhobi. "Siwezi kusema sikujua. Nikajiambia, aah, moto ukikolea utakauka humo humo."

Akachukua ufunguo, akajaza magunia, akapeleka msibani.

Mkaa uliwaka mwanzoni, na akina mama wakapiga vigelegele vya chini chini, vile vinavyoruhusiwa msibani. Kisha ukaanza kupasuka, ukafuka, ukatoa mvuke kama pasi ya mkaa iliyomwagiwa maji. Masufuria makubwa ya ugali yakakaa juu ya joto la kuotea mikono. Nyama ikabaki ngumu. Rhobi alipuliza mpaka macho yakavimba. Alipogeuka nyuma ya jiko kutafuta kuni, hapakuwa na hata ukuni mmoja. Palikuwa na majirani waliokaa mikono mitupu, kama walivyoambiwa.

Mmoja wao alikuwa Yunis, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwa Rhobi. Hana kinyongo tena, anasema, lakini hajasahau.

"Mzigo wangu nilikuwa nimeshaufunga. Nikaufungua, nikazirudisha kuni darini. Nikasema basi, kama hatuhitajiki," anaeleza Yunis. "Siku ile alipotuangalia, kila mtu aliangalia pembeni. Kwangu kuni zilikuwepo. Sikunyanyuka. Na mimi naonaga aibu nikikumbuka."

Mazishi yakaisha na muda wa chakula ukafika. Huwezi kuwaambia wakwe wasubiri. Rhobi akapakua alichokuwa nacho.

Mkubwa wa msafara wa Buswahili alikuwa Mzee Baltazari, baba mkwe wa Consolata, mzee mkimya ambaye tangu ndoa ifungwe alikuwa hajawahi kutaniana na Rhobi hata neno moja. Akanawa, akaongoza sala, akamega tonge. Rhobi alikuwa amesimama nyuma ya pazia la jiko, akiona kila kitu. Aliliona tonge likivunjika mkononi, unga ukidondoka. Alimwona mzee akisita.

Kisha Mzee Baltazari akala. Akatafuna, akameza, akamega tena. Na kwa kuwa mkubwa wao anakula, msafara mzima ukala. Alimaliza sahani yote, akanawa, akasema, "Ahsanteni, mmetulisha." Wakaaga.

"Angesusa, ningelia yakaisha," anasema Rhobi. "Angenisema, ningeomba msamaha. Lakini alikula yote. Mzee wa watu alikula unga mbichi kwa ajili ya kuniheshimu, na mimi nimesimama pale namwangalia. Kwa nini sikutoka kumzuia? Hilo ndilo linaninyimaga usingizi."

Habari ilifika Bunda mjini kabla ya turubai la msiba kufunguliwa. Mkaa ukapata jina, ukaitwa "mkaa wa unga". Shule moja ya bweni iliyokuwa imeagiza magunia ikatuma ujumbe kwamba itaendelea na kuni. Watoto walimwimba Rhobi akienda kisimani. Kanisani alihama kutoka kwaya akawa anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, ili atoke kabla ya baraka.

Evance alitaka anyang'anywe ufunguo siku ile ile. Hasemi vinginevyo hata leo.

"Mimi ni mtu wa biashara. Bidhaa ikichafuka jina, kuisafisha ni kazi kuliko kuanza upya," anasema. "Nilimwambia Daktari, chagua, huyu mama au mashine."

Dk. Hyasinta alisafiri kutoka chuoni kuja kumwona Rhobi. Alimkuta amejifungia, akakaa naye jikoni. Anakiri kwamba alikuja na hasira, maana utafiti wa miaka ulikuwa unataniwa sokoni kwa kosa ambalo halikuwa lake.

"Lakini nilipomwona nikakosa adhabu ya kumwongeza," anasema. "Nikamwambia, Mama Consolata, mtu ambaye hatarudia tena kosa hili katika karakana nzima ni wewe. Evance nikamwambia hivyo hivyo. Sikumtetea. Nilikuwa naangalia maslahi ya kazi."

Evance akakubali kwa shingo upande na akaweka sharti lake. Mkataba wa majaribio unaisha mwezi Machi. Kabla ya hapo, mkaa huo lazima upike kwenye mkusanyiko mkubwa mbele za watu, jikoni awe Rhobi huyo huyo. Wakila wakashiba, mashine ya pili inakuja. Wasiposhiba, ya kwanza inarudi Mukendo.

Sharti likawa rahisi kulisema kuliko kulitimiza. Desemba nzima Rhobi alizunguka. Wenye harusi walimkaribisha kwa chai na kumwambia kamati imeshapanga mambo yake. Parokia moja ilimwambia watamfikiria. Mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Wenzake kumi na wawili wa kikundi, waliokuwa wameshaanza kupanga maisha yao juu ya mashine ya pili, hawakumlaumu kwa mdomo. Walimwachia tu nafasi kubwa kidogo alipokuja kukaa nao.

Ndipo Januari hii ikaja taarifa ambayo ingemfurahisha bibi yeyote. Mtoto wa Consolata anabatizwa Buswahili, Jumamosi, na watu wamealikwa wengi. Rhobi alifurahi kwa muda wa kukata simu tu. Halafu akaanza kutafuta ugonjwa.

"Nilimwambia Clementi aende peke yake, aseme mgongo unanisumbua. Mjukuu wangu, damu yangu, nilikuwa tayari nisimwone akibatizwa. Ningeingiaje kwenye mji ule? Ningemwangalia vipi mkwe?"

Clementi alibeba uongo huo kwenye simu siku iliyofuata. Hakuubeba mbali. Consolata akaomba kuongea na mama yake, akamwambia amepewa ujumbe na Mzee Baltazari na ameagizwa aufikishe kama ulivyo.

Rhobi anaurudia ujumbe ule akiwa amegeukia vichanja, mgongo kwa mwandishi.

"Baba amesema mkwe wangu aje, na mkaa wake aje nao. Mwambieni tangu siku ile bado sijashiba."

Mzee ambaye hakuwahi kumtania hata mara moja alikuwa amemtania. Rhobi anasema alilia pale pale, simu sikioni, mpaka Consolata akadhani mtandao umekatika.

Evance amekubali ubatizo huo uwe ndio ule mkusanyiko wa sharti lake, na amesema atakuwepo. Dk. Hyasinta ameshapima mkaa wa safari mara mbili na kuuridhia, na kusema hana shaka nao. Rhobi ameupikia kila asubuhi ya wiki hii, na leo anamlazimisha mwandishi naye amege katikati. Umeiva. Amege tena, chini zaidi. Umeiva, mama.

Magunia ya Buswahili yamesimama mlangoni mwa stoo, yameshonwa midomo. Lakini pembeni yake kuna kitu kingine, na ndicho Rhobi anachokiangalia zaidi. Ni mzigo wa kuni, kavu, zimepangwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya katani. Yunis ndiye aliyemsaidia kuufunga, kwa kuni zake zile za darini.

Kuuliza kuni za nini wakati mkaa upo ni swali la kijinga, na Rhobi analijibu kwa upole.

"Nitaingia na kuni kwanza, kichwani, kama mama mwingine yeyote. Nitazitua nyuma ya jiko, nimsalimie mkwe," anasema. "Mkaa utakaa nje getini mpaka yeye mwenyewe aniambie niulete."

Anainama, anaujaribu mzigo kichwani, anaona umeegemea upande mmoja. Anautua, anafungua kamba, na kuanza kuufunga upya.