Utepe Mwekundu wa Mama Chupa

Miaka kumi na tisa Mama Chupa aliosha vyombo vya maabara, na katika miaka yote hiyo hakuvunja kisahani hata kimoja, ukiacha kile kilichoangushwa na paka, na paka si kosa lake. Kusoma alisoma madarasa mawili na nusu, lakini alikuwa na tepe zake. Kisahani chenye utepe wa njano hakiguswi. Cha buluu kinaoshwa kwa sabuni. Chekundu kinaingia kwenye jungu la mvuke, kinachemshwa mpaka kila kilicho hai ndani yake kife. Mwenye kutaka kubishana akabishane na jungu.

Jumatatu ile alikuta visahani viwili vya utepe mwekundu mezani pake. Akavichemsha.

Saa nne akaingia Binti, yule mwanafunzi aliyekuwa akifanya utafiti wake pale. Akatazama meza, akatazama jungu.

"Mama, visahani vyangu viko wapi?"

"Vimeiva."

"Mama! Utepe wa njano uliisha, nikabandika mwekundu kwa muda tu!"

"Wa muda? Mwekundu ni mwekundu, mwanangu. Na moto nao ungeuambia uunguze kwa muda?"

Binti akaketi sakafuni, akalia kama mtu aliyefiwa.

Na kweli alifiwa. Miezi minane nyuma aliwaomba wafanyakazi wote walete kijiko cha udongo kutoka nyumbani. Mama Chupa alileta wa nyuma ya jiko lake, pale anapomwaga maji machafu, kati ya banda la kuku na jivu. Katika udongo wa watu ishirini na wawili, ni huo tu uliotoa bakteria wa maajabu: pale kwenye kisahani, katikati ya umati wa vijidudu, alijizungushia duara safi ambalo ndani yake hakikuishi kingine. Binti alimweleza kwamba dawa nyingi za antibiotiki zilianzia kwa bakteria wa udongo kama huyo, na kwamba ile harufu ya ardhi iliyonyeshewa ni yao. Wiki nzima Mama Chupa alitembea kifua mbele. "Ni wa kwangu yule," alimwambia kila mtu, hata mlinzi.

Sasa friza lilikuwa limeharibika wiki iliyopita na akiba yote ya bakteria huyo ikaoza. Visahani vile viwili ndivyo vilivyobaki.

Daktari, mkuu wa maabara, akawaita wote wawili ofisini.

"Jenomu yake tunayo," alisema, akionyesha kompyuta. "Maandishi yote ya vinasaba vyake. Herufi milioni nane."

"Basi mtoeni humo," alisema Mama Chupa.

"Haiwezekani, mama."

"Mnayo yote au hamna yote?"

"Tunayo yote."

"Sasa amekufaje?"

Daktari akaizima kompyuta. Kisha akasema, bila ukali, kwamba mama akapumzike nyumbani, na kwamba bakteria yule asipopatikana mpaka mwisho wa mwezi, atalazimika kumweka kwenye karo la kuoshea vyombo mtu anayesoma maandishi badala ya rangi.

Mama Chupa akatoka kichwa kikimzunguka. Mtu yuko mzima ndani ya kompyuta, hakupungua hata ukucha, na bado anaombolezwa!

Nyumbani akachukua jembe, akainama nyuma ya jiko. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Wifi, kweli umefukuzwa kazi na vijidudu?"

"Sijafukuzwa. Napumzika."

"Mbona unapumzika na jembe?"

"Nenda zako huko."

Asubuhi alimpelekea Binti kopo zima la udongo. Ameambiwa apumzike, basi akavuta kigoda, akapumzikia mlangoni pa chumba cha kuoshea, kila siku, saa za kazi.

Siku ya kumi na mbili bakteria mweupe kama unga akaota, harufu ileile. Wakamsoma jenomu. Siku waliyopata majibu Binti alitoka mbio, furaha tele: ndiye, na sehemu inayotengeneza dawa anayo kamili. Kesho yake akaja anakokota miguu.

"Duara hakuna, mama. Safari hii nilimtakasa vizuri, nikampanda peke yake, halafu ndipo nikamwekea vijidudu vya kujaribia. Vinaota mpaka mlangoni pake. Maandishi ya dawa anayo, lakini hayafanyi kazi. Yamelala."

Mama Chupa hakuelewa. Maandishi yanalalaje? Siku tatu tu zilibaki, na hasira zikampanda.

"Peke yake? Kwangu huyo hakuishi peke yake hata siku moja! Ana majirani chungu nzima wa kumchokoza. Umemweka chumba safi kama bwana harusi, sasa atagombana na nani?"

Alisema kwa kuudhika tu. Lakini Binti akamtazama, akarudi ndani bila kuaga, akampanda pamoja na wenzake wa udongo uleule. Siku ya mwisho ya mwezi duara likatokea, safi, pana kama kifungo cha koti.

Daktari akamwita. "Mama, rudi kwenye karo lako."

"Ahsante. Ila niambie, Daktari, huyu ni yule yule?"

"Herufi zake zinafanana na za yule, isipokuwa tatu."

"Kwa hiyo ni yeye."

"Tunaweza kusema ni yeye."

"Kama ni yeye, mimi nilichemsha nini?"

Daktari akakuna kidevu. "Naye pia alikuwa yeye," alisema polepole, na uso wake ulionyesha kwamba hata yeye hakuridhika.

Mama Chupa akarudi karoni, akakunja mikono ya nguo. Juu ya meza kulikuwa na kisahani cha utepe mwekundu. Akakiinua, akakipeleka kwenye jungu. Akasimama. Akakirudisha mezani. Akakiinua tena, akakinusa.

"Binti!" aliita kwa sauti ya kukwaruza. "Njoo hapa. Huu mwekundu ni mwekundu kweli?"