Hadithi ya Kuamia Ndege

Nina madaftari tisa ya hadithi, na hadi mwaka huu hakuna hata hadithi moja iliyokuwa na mwisho. Mwanzo nauweza sana. Kurasa kumi za kwanza hutoka zenyewe, kisha katikati wahusika wananisusia, nami naanza hadithi nyingine. Kibiti, ambako nauza kalamu na kutoa fotokopi kwenye duka la steshenari, najitambulisha kama mwandishi. Mtu akiuliza kitabu kiko wapi, najifanya mashine imekwama karatasi.

Basi mwaka huu mama akaumwa goti, na mpunga wake bondeni, upande wa Umwe, ukaanza kutoa masuke. Akanipigia simu. "Mwanangu, njoo uamie ndege. Na hayo madaftari yako yaache huko huko." Nikaomba ruhusa dukani, nikaenda. Daftari moja nililiviringisha ndani ya kanga.

Asiyewahi kuamia ndege atadhani ni kazi ya kukaa tu. Unapanda dunguni, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya shamba, na tangu jua linapochomoza hadi ndege waende kulala, wewe ni kupiga kelele. Kamba ya makopo unavuta, kombeo unarusha, lakini silaha yenyewe ni koo. Ukinyamaza dakika tano tu, wanashuka kundi zima na kuinuka wameshiba. Siku ya kwanza nilipiga "Haya wee! Hooo!" mpaka nikajichukia. Siku ya pili nikawaza kwamba ndege hawajali nasema nini, ilimradi nasema kwa nguvu.

Nikafungua daftari. Humo mlikuwa na fundi cherehani wa Nyamwage, mwanamke ambaye mumewe alitoroka na cherehani yake wiki moja kabla ya Idi, nguo za wateja zikiwa bado vitambaa. Nikasimama dunguni, nikamsemea yule fundi kwa sauti yangu yote. "Mwanamume gani wewe! Ungebeba godoro! Ungebeba kuku! Cherehani ya nini, na hata kifungo hujui kushona!"

Ndege waliruka wote. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kuanzia hapo nikawa natunga kwa kelele asubuhi, na mchana ndege wakipumzika naandika yale niliyoyasema.

Siku ya nne nikasikia naitwa kutoka dungu la jirani. Alikuwa bibi mjane ambaye shamba lake limepakana na letu.

"Mjukuu wangu! Yule mume kaelekea wapi?"

"Mume yupi, bibi?"

"Si huyo wa cherehani!"

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nilikuwa na msomaji! "Kapanda boti Nyamisati, bibi! Kaenda Mafia!"

Hapo ikadakia sauti ya tatu, kutoka dungu la upande wa mtoni, la mama mmoja ninayemwita shangazi ingawa hatuna undugu. "Aende zake na balaa lake! Mwanamke asimfuate!"

"Atamfuata!" alijibu bibi. "Ile cherehani ya nani?"

"Afuate cherehani, mume amwache huko!"

"Mume naye binadamu, wee!"

Wakabishana juu ya vichwa vya mpunga mpaka adhuhuri. Sidhani kama kuna ndege aliyeonja punje siku hiyo.

Wiki tatu nilizokaa dunguni zilinifunza uandishi kuliko miaka yangu yote ya kujitapa. Sentensi ndefu haikumfikia bibi, upepo uliikata njiani, naye akapiga kelele, "Rudia!" Nikajifunza kukata mwenyewe kabla ya upepo. Nilipoleta maelezo marefu ya mawingu, shangazi aliuliza kama fundi ameshafika au bado yuko botini. Niliona aibu, nikayafuta mawingu.

Lakini mpunga ukageuka rangi. Bibi akatangaza, "Jumamosi navuna. Umalize kabla."

Mwisho sikuwa nao, sijawahi kuwa nao, na safari hii nisingeweza kufungua daftari jingine, maana wasikilizaji wangu walijua majina yangu yote na njia ya nyumbani kwetu. Niliogopa kweli. Shangazi, kwa kunihurumia nipate muda zaidi, alimwambia mumewe kwamba mpunga wao bado mbichi, nao ulikuwa umeinama hadi magotini. Mzee wa watu alizunguka shamba akitikisa kichwa.

Ijumaa asubuhi nikasimama, daftari likiwa jeupe, nikaanza tu. Nikamfikisha fundi Mafia. Nikamkutanisha na mumewe barazani, anashona gauni la mtoto, mishono yote imepinda. "Ondoka hapo," fundi akasema. Akaketi, akafumua, akashona upya, akamkabidhi mwenye gauni. Kisha akajitwika cherehani kichwani, akashika njia ya bandarini. Mume akabeba meza ya cherehani, akamfuata nyuma. Fundi hakugeuka wala hakumwita. Ila alipunguza mwendo, kwa sababu meza ile ni nzito.

Nikanyamaza. Nilielewa polepole kwamba nimemaliza.

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi alikuwa amekaa kimya, upande wa kanga machoni. Shangazi kimya. Bonde zima kimya kuliko nilivyowahi kulisikia, na katika kimya hicho ndege wakashuka, mamia kwa mamia, kwenye mpunga wetu sote watatu.

Niliwaona. Nikataka kuruka kwenye kamba ya makopo, ndipo nikamwona mama. Alikuwa amesimama njiani katikati ya shamba lake na kapu la chakula kichwani, ndege wanakula hatua mbili kutoka miguuni pake, naye hawatazami.

"Alipunguza mwendo?" akauliza.

"Alipunguza, mama."

"Umeshaandika?"

"Bado. Imekuja sasa hivi tu."

Akatua kapu, akalivuta goti lake bovu hadi kwenye kamba, akaishika.

"Ndege niachie mimi. Kaa chini uandike kabla hujasahau."