Nilidai Injini ya Binti Yangu Mbele ya Watu

Wakuu, mimi nimewahi kumnyang'anya binti yangu injini mbele ya uwanja mzima, dakika ishirini baada ya ushindi wake wa kwanza. Na sikuvunja sheria hata moja.

Msinitukane kwanza. Someni mpaka mwisho, ndipo mtukane.

Naitwa Arvid. Natengeneza pikipiki za zamani za mashindano hapa Wisconsin, Marekani, zile za uwanja wa udongo, kona za kushoto tu. Binti yangu Corinne amekulia gereji kwangu. Akiwa mdogo kazi yake ilikuwa kunishikia tochi, na mimi kazi yangu ilikuwa kumfokea aishike vizuri. Alipofika miaka kumi na tisa akaanza kuniendeshea mashindanoni.

Tuligombana kwa sababu ya injini chotara. Yaani chini ni ya pikipiki moja, kichwa ni cha nyingine.

Nilikuwa nimebadilisha kamshafti, kile chuma kinachozunguka na kufungua valvu, nikaweka moja kali niliyoichongesha kwa oda. Nikafunga taiming kwa kufuata alama za kiwandani, kama nilivyofanya miaka thelathini. Taiming ikikosewa, valvu zinafunguka wakati si wake, injini inakoroma tu na nguvu hakuna.

Yangu ikakoroma.

Corinne akasema alama zinadanganya, kwa sababu gia imetoka injini moja na shafti ya chini imetoka nyingine. Akataka tufunge ile sahani ya bati yenye alama za nyuzi mia tatu na sitini za duara, tupime wenyewe valvu inafunguka wapi. Nikamjibu kwamba nilikuwa nafunga injini kabla yeye hajaota meno.

Nikaing'oa kamshafti nikaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Nikasema ni mbovu, mjadala umefungwa.

Wiki iliyofuata akahamia kwa Lyle Prochaska.

Huyu Lyle alikuwa rafiki yangu. Gereji yake iko maili nne kutoka kwangu, sakafu inang'aa, na yeye ni wa kucheka na kila mtu. Siku hizo nilikuwa natafuta kisingizio cha kupita pale, mara nanunua misumari, mara napeleka barua posta. Nilikuwa naona gari la Corinne limeegeshwa nje, napunguza mwendo.

Ijumaa moja nikaenda kula samaki wa kukaanga pale baa, kama kila mtu hapa. Nikamkuta Corinne kakaa meza ya akina Lyle, katikati, kama mtoto wa nyumba ile. Lyle akasema kitu, Corinne akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi kwangu hakuwahi kucheka hivyo.

Nilikula na koti langu kwenye kiti cha pili. Niseme ukweli, nilitamani Lyle apaliwe na mwiba.

Basi, Agosti ikaja na mashindano ya wilaya. Corinne yuko juu ya pikipiki ya Lyle, nayo ina injini chotara, mchanganyiko uleule wa kwangu. Mimi nimemweka kijana mmoja wa kukodi.

Ile injini ilikuwa inavuta kutoka kwenye kona utadhani imefukuzwa. Corinne akashinda kwa urefu wa pikipiki nne. Mtangazaji akapaza sauti, "Timu ya Prochaska," na Lyle akamkumbatia mwanangu.

Hapo ndipo akili ikaniruka.

Daraja letu la mashindano lina sheria ya zamani, ya kuzuia matajiri wasinunue ushindi. Mwenye pikipiki yoyote iliyomaliza anaweza kulipa dola elfu mbili na kuchukua injini ya mshindi. Huruhusiwi kumkatalia. Lakini ni jambo la aibu, na miaka kumi na moja hakuna aliyethubutu.

Kijana wangu alimaliza wa sita. Nikaenda kwa waamuzi na hundi mkononi.

Lyle akanifuata, uso umemshuka.

"Arvid, usifanye hivi. Hujui unachukua nini."

"Nachukua siri yako," nikamwambia.

Corinne alivua glavu, akachukua spana, akaishusha injini mwenyewe. Alipomaliza akanitazama, macho makavu kabisa.

"Chukua, Baba. Ifungue vizuri."

Kesho yake asubuhi nikaifungua kwa pupa. Nikavua kifuniko cha valvu, nikakibwaga mezani bila kukiangalia. Nikalegeza cheni, nikang'oa gia, nikatoa kamshafti. Nilitaka kuona Lyle kanizidi nini.

Nikaipeleka dirishani. Pembeni ilikuwa na herufi A na L, za majina yangu mawili, nilizozichora kwa msumari mimi mwenyewe.

Ilikuwa kamshafti yangu. Ile ya kwenye pipa.

Nikaishika gia. Matundu ya boliti yalikuwa yamepanuliwa kwa tupa, kidogo kidogo, ili izungushwe kutoka kwenye alama ya uongo. Nikakigeuza kile kifuniko. Ndani kulikuwa na maandishi ya kalamu nyeupe, mwandiko ninaoujua tangu Corinne akiwa darasa la kwanza:

"Kamshafti ya Baba. Nyuzi 104. Siyo mbovu."

Lyle hakugusa hata boliti moja. Miezi yote ile nilimwonea wivu kwa kazi ya mikono ya mwanangu.

Nikakaa chini. Nililia, sitaki kudanganya.

Na tayari nilikuwa nimeivuruga taiming yake. Siku tatu nilihangaika na sahani ya nyuzi niliyoazima, kila nikipima napata jibu jingine. Miaka thelathini ya ufundi na sikuwahi kuitumia.

Siku ya nne nikampigia simu.

"Nimeshindwa," nikamwambia. "Ulikuwa sahihi. Nifundishe."

Nikasikia spana ikiwekwa chini.

"Ilete hapa kwa Lyle. Na usiguse kitu kingine."

Nikaibeba. Lyle akanipa mkono, akasema anakwenda kununua kahawa, na akachelewa makusudi.

Bado anaendesha kwa Lyle, na Jumamosi mtangazaji akilitaja jina lile roho inaniuma vilevile. Kisheria injini ni yangu. Nimemwachia Corinne.

Wewe unayeumwa na cha mwenzio, kabla hujaenda kukifungua, kaangalie kwanza ulichotupa mwenyewe kwenye pipa. Mimi nililipa dola elfu mbili na aibu ya uwanja mzima kulijua hilo.

Asubuhi ile kwa Lyle, Corinne aliinamia injini, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanipa tochi.

"Shika vizuri, Baba."

Nikashika.