Milango Mitano ya Shangazi Rika

Shangazi yangu Hendrika Postmus, ambaye ukoo mzima ulimwita Rika, alipaka vanishi viti vya watu kwa miaka thelathini na mmoja katika kiwanda kimoja cha hapa mjini Grand Rapids, Marekani. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kununua samani moja ya kujivunia. Vitabu vyake vilikaa ndani ya makreti ya matofaa, yamepangwa ukutani kama ghalani.

Alipotimiza miaka sabini na sita, macho yakaanza kumwacha. Katikati ya kila alichokitazama palikaa doa la ukungu, pembeni aliona. Kwa kioo cha kukuzia na taa kali aliweza bado kusoma ukurasa mmoja kwa robo saa, akaridhika. Asichoweza tena ni kusoma majina kwenye migongo ya vitabu, na vidole vyake, vilivyokufa ganzi kwa vanishi, havikuweza kumsaidia. Ilimbidi amwombe mtu amtolee kitabu. Naye alikuwa mtu ambaye ni afadhali ale chakula kisicho na chumvi kuliko kubisha hodi kwa jirani.

Jumamosi moja ya Februari alinipigia simu.

"Lambert, gari lako la mizigo linawaka kwa baridi hii? Nataka kabati la vitabu. Lile la vioo, la mawakili."

"La nini sasa, shangazi?"

"La kuweka vitabu. Ulifikiri nafuga kuku?"

Lile neno "sasa", kwa mtu ambaye macho yanamwacha, ninalijutia hadi leo.

Tulikwenda kwa Delbert Kooiman, fundi vioo mstaafu anayeuza samani kuukuu katika ghorofa ya pili ya kiwanda kilichofungwa. Alikuwa na makabati mawili ya aina hiyo, ambayo kila rafu yake ni sanduku la mwaloni linalojitegemea, na masanduku hupandishwa moja juu ya jingine. Kila sanduku lina mlango wake wa kioo: huinuliwa kwa chini, hulazwa, kisha husukumwa ndani juu ya vitabu.

La kwanza lilikuwa na masanduku matano ya kiwanda kimoja, rangi moja, vioo safi. Nililizunguka nikilisifu kwa sauti ambayo nadhani niliiazima chuoni na sikuirudisha: ulinganifu, umri wa mbao, uadilifu wa fundi.

"Huyu msomi wako hulipwa kwa neno?" Delbert alimuuliza shangazi.

"Angekuwa tajiri. La pili je?"

"La pili ni la ndoa, mama. Masanduku mawili ni ndugu, matatu nimeyaokota huku na kule. Familia ya kambo."

"Kama meza yetu ya Krismasi," alisema shangazi, akasogea.

Akafungua mlango wa juu. Ulitoa sauti ya mtu anayevuta pumzi kwenye meno. Wa pili uligonga mara mbili. Wa tatu ulilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Wa nne ulikwama, ukahitaji kofi la kiganja. Wa tano ulitetemesha kioo chake muda mrefu baada ya kufungwa. Alirudia yote mitano akiwa amefumba macho, kisha akalirudia lile kabati la kwanza, ambalo milango yake iliteleza kimya.

"Hili zuri," alisema, "kama maiti aliyevalishwa vizuri. Halisemi kitu. Nachukua lile. Nalisikia."

"Shangazi, lile limechakaa."

"Na mimi je?"

Nilidhani ni unyenyekevu wa mtu aliyezoea makreti, kwamba hajioni anastahili kizuri. Ni kosa langu la siku zote: nikishaipata sababu ya maana ya tendo la mtu, siulizi tena. Nilimwomba anipe wiki moja nilisafishe.

"Futa vumbi tu," aliniambia.

Lakini mji wetu ulijengwa kwa meza na makabati, na kwetu mlango unaolia ni aibu ya familia nzima. Mtu akiusikia, mkono wake hutafuta mshumaa kabla hajavua koti. Baba yangu alisugua nta hata kwenye droo za watu aliokwenda kuwazuru. Basi kila jioni, katika banda langu la gari, nilisugua nta kwenye njia za milango, nikagandisha vipande vya sufu mahali palipogonga, nikakaza kioo kilichotetemeka, nikaupiga msasa ule mlango wa nne hadi ukateleza kama samaki. Nilifurahi. Nilidhani ninampenda.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea. Alikuwa ameshayagawa masanduku kichwani: juu, safari, la pili, nyimbo za Kiholanzi za mama yake, la tatu, vitabu vya ndege vya marehemu mumewe, Marvin, la nne, mapishi ya akina mama wa kanisa, la tano, hadithi. Nikavipanga kama alivyoagiza.

"Sasa nenda jikoni kanywe kahawa," alisema. "Nataka kumchukua Marvin na ndege wake mimi mwenyewe."

Nikaenda. Nikangoja. Sikusikia chochote.

"Lambert!" Alikuwa amepiga magoti, mkononi ana kitabu cha supu. "Umefanya nini?"

"Nimelitengeneza, shangazi."

"Umewaziba midomo! Mlango ndio ulikuwa uniambie nimefika wapi."

"Unaweza kuhesabu kutoka juu."

"Kuhesabu naweza. Sitaki kuhesabu nyumbani kwangu, kama mtu anayeshuka ngazi za hospitali. Nilitaka niguse, niitikiwe."

Kwa aibu nilisema ningeweza kubandika herufi kubwa za mbao.

"Na mimi unifunge kengele shingoni?"

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na kwetu Jumapili nyundo haishikwi. Kabati lilikaa bubu siku nzima. Kanisani niliketi nyuma yake. Mahubiri yalipoanza, alinipitishia pipi ya mnanaa bila kugeuka, kama alivyofanya tangu nikiwa mtoto. Safari hii ilikuwa nusu.

Jumatatu, nilipomwita, Delbert alikuja na tapentaini na kikwaruzo, akicheka tangu mlangoni.

"Miaka arobaini watu wananiletea milango niinyamazishe. Msomi ndiye wa kwanza kutaka ilie!"

Tulikwangua nta, tukabandua sufu, tukalegeza kioo. Wa kwanza ukavuta pumzi. Wa pili ukagonga. Wa tano ukatetemeka. Wa tatu ulilia, ingawa kwa sauti ya paka mzee zaidi. Wa nne haukusema kitu. Mbao iliyoliwa na msasa hairudi.

"Huu nimeuua, shangazi. Nisamehe."

Aliufungua na kuufunga mara kadhaa, sikio limeinama.

"Haya, nendeni jikoni wote wawili."

Tulikaa mbele ya vikombe kama wanafunzi waliotolewa darasani. Tukasikia pumzi ya meno: wa kwanza. Kugonga mara mbili: wa pili. Paka mzee. Kisha kimya, kikarefuka.

"Kapotea?" Delbert alininong'oneza.

Niliinuka nusu. Akanishika mkono wa sweta, akanirudisha kitini.

Shangazi Rika alitokea mlangoni, kitabu cha mapishi kwapani.

"Wanne wakisema, anayenyamaza namjua," alisema. "Lambert, washa oveni, nataka kuoka andazi la lozi. Na mlango wa oveni ukilia, mikono yako mfukoni."