Radhi Iliyoombwa Mbele ya Watu

Habari nilipewa na mama mwenye duka ninakonunua mkate, hapa Niboye, tena kwa Kiswahili chetu cha Kigali kisichopenda mapambo: "Ule mzee wa ndege amekufa. Iko maombi leo kwake, Kanombe." Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mstaafu wa uwanja wa ndege, mmoja wa wale wanaosimama chini na kuielekeza ndege kwa mikono mpaka iegeshwe mahali pake. Alikulia Tanzania, akarudi nyumbani akiwa mtu mzima, na sijaona mtu mpole kama yeye aliyeipenda tenisi kwa wazimu ule.

Tulikuwa tukiitazama katika mkahawa mmoja wa Gisimenti, kwenye televisheni iliyotundikwa juu ya jokofu la soda. Yeye ndiye aliyetuletea sheria ya kunyamaza. Mchezaji akijiandaa kuanzisha mpira, huko Ulaya, mzee aliinua mkono na mkahawa mzima ukawa kimya, utadhani kijana wa watu angetusikia. Mhudumu alisimama katikati na sahani ya brosheti, ile mishikaki yetu, akingoja pointi iishe. Wageni walitucheka, kisha na wao wakanyamaza.

Mpinzani wake mle ndani alikuwa rafiki yake mkubwa, fundi cherehani wa mtaa huo huo, Mwislamu ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, mtu wa maneno mengi na hasira za karibu. Ndiye aliyemshonea mzee suti ya harusi ya binti yake. Ajabu ni kwamba mzee, pamoja na upole wake wote, alimshabikia mchezaji mkorofi anayevunja raketi, na fundi, asiyeweza hata kungoja chai ipoe, alimpenda yule mtulivu asiyekunja uso akishindwa. Nadhani kila mmoja alijitafutia alichonyimwa. Basi siku moja wachezaji hao wawili walikutana, na katika pointi mbaya kabisa mkorofi akakosea kuanzisha mara mbili mfululizo. Fundi akapiga makofi. Mzee akageuka, akasema wote tusikie: "Fundi, hapa hatushangilii kosa la mtu. Kama hukufundishwa adabu, nenda katazame mpira wa miguu." Watu wakacheka. Fundi akaacha chai yake na kutoka.

Mji wetu hauna fujo. Sisi hatutukanani barabarani; tunasalimiana kwa tabasamu na kufunga mioyo. Fundi aliporudi baada ya majuma kadhaa, alikaa meza ya mlangoni, akampungia mzee mkono kwa heshima zote, na hakumsemesha tena. Ikawa hivyo kwa miezi. Mzee alikonda kwa jambo lile, nawaambia kweli. "Sina tena mtu wa kubishana naye," aliniambia. Nikamwambia amtafute fundi faraghani, wayamalize. Akatikisa kichwa, na mimi nikadhani ni kiburi.

Kisha wale wachezaji wawili wakakutana tena, Jumapili mchana, kwenye uwanja wa udongo mwekundu, wakaenda mpaka seti ya tano. Mkahawa ulijaa hadi nje. Katika mchezo wa mwisho mwisho, mpira wa mtulivu ukatangazwa umetoka, pointi ikawa ya mkorofi. Lakini yeye mwenyewe akaenda, akainama, akaitazama alama, akaifuta kwa kiatu na kumwambia mwamuzi kwamba mpira ulikuwa ndani. Mkorofi yule! Kule mlangoni fundi akajisahau, akapiga makofi: "Rwose, kweli kabisa, huyu kijana ana adabu."

Mzee akainuka, akabeba kiti chake juu ya vichwa vyetu mpaka meza ya fundi. "Fundi," alisema, "nilikukemea mbele ya hawa watu. Nakuomba radhi mbele ya hawa hawa. Faraghani isingetosha." Hakuna aliyekuwa akitazama tenisi. Fundi alimkazia macho, akamsogezea kikombe chake cha chai. "Kaa chini, mzee wa ndege. Unaniziba televisheni." Mkorofi alishindwa siku hiyo, na sijamwona mzee akifurahi vile.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kuhusu sisi wa siku hizi. Tunaumbuana kwenye kundi la simu, watu mia wakisoma, kisha tunaombana radhi inboksi, maneno mawili na kiemoji. Bosi anamfokea karani mkutanoni, kesho anamnong'oneza kwenye ngazi. Tunadhani tumemaliza. Hata hivyo sijakata tamaa, maana juzi kwenye mkahawa ule nilimsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake kwa sauti, "Samahani, nilikosea mimi," na meza nzima ikasikia.

Siku ya kuondoa kilio, yaani ya kumaliza matanga, familia iliuliza kama kuna mwenye neno lililobaki kati yake na marehemu. Wachache walisimama, wakasema yao kwa kuhangaika, mmoja hakuweza kumaliza. Fundi naye akasimama, kofia mkononi.

"Mimi na huyu mzee hatukubakiza kitu," alisema. "Nimekuja kulia tu."

Akakaa, akalia kwa raha zake, bila kumwonea haya mtu. Nami nawaomba, mliomkosea mtu mbele ya watu: nanyi mnaweza kulia hivyo siku moja, ila nendeni kwake sasa, angali akisikia.