Mtoto Aliyefungwa kwenye Mti wa Kahawa

Mtu nisiyemjua alinisahihishia hadithi niliyoitunga mwenyewe. Na alikuwa sahihi.

"Mzee, si mkono wa kulia. Ni wa kushoto. Kovu ninalo mpaka leo."

Ilikuwa saa nne asubuhi, nipo kwangu hapa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, chai mezani. Maoni hayo niliyasoma kwenye simu mara tatu.

Ngoja niwape kisa chote.

Naitwa Séverin, ingawa humu mnanijua kama Mzee tu. Nilivuka kutoka Burundi mwaka 1972, nina miaka kumi na mitatu. Kusoma nilijifunza ukubwani, madarasa ya jioni, mchana nalima tumbaku. Walionicheka enzi hizo leo wananiletea barua zao niwaandikie. Kwa hiyo nilipoweka hadithi yangu ya vita humu kwenye kundi letu mtandaoni mwezi uliopita, nilijua ninachofanya.

Mnaikumbuka. Watu wanawakimbia askari. Mtoto wa miaka minne analia. Kaka yake anaogopa watasikika, anamfunga mkono wa kulia kwenye mti wa kahawa kwa kamba ya mgomba, kama mbuzi. Anamwacha.

Niliandika kwamba yule mtoto ni mimi.

Mkanililia kweli kweli. "Mzee umetuua." "Pole baba, Mungu alikuona."

Mmoja akaandika, "Huyo kaka ni mbwa kabisa."

Nikampa kidole gumba.

Ndipo akaja huyu wa mkono wa kushoto. Akaomba namba. Nikampa, sijui kwa nini. Akapiga hapo hapo.

"Shikamoo mzee. Naitwa Didace. Niko Kapalamsenga huku, navua dagaa."

Badala ya kuitikia marahaba, nikafunga mlango.

"Nina swali moja tu. Mimi nilifungwa hivyo hivyo, mwaka huo huo. Nilipokua nikamuuliza mama kuhusu hili kovu, akasema ni yeye aliyenifunga. Wewe unasema ni kaka. Hiyo ya kaka umeitoa wapi?"

"Mama yako nani?"

"Libérate. Nilikuwa na kaka pia. Mama alisema alifia njiani, alikuwa mtoto mzuri sana."

"Mimi nimetunga, bwana. Ni hadithi tu."

"Haya. Maana yule mama nilimkataa. Tumevuka ziwa mwaka 93, miaka thelathini tuko kijiji kimoja, simsalimii. Amefariki mwaka juzi. Sikwenda hata kumtupia udongo."

Nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Mzee, upo?"

Nikakata simu.

Nilikuwepo. Nilikuwepo tangu mwanzo.

Aliyefunga ile kamba ni mimi. Mkono wa kushoto. Kwenye hadithi niliubadilisha makusudi, nikidhani nimejificha.

Mama alikuwa ametangulia na mzigo kichwani. Nilimkimbilia nikamwambia, "Nimemfunga Didace. Angetuponza kwa kelele zake."

Hakunipiga. Aliutua mzigo chini.

"Wewe nenda na watu. Usigeuke."

Akarudi mbio alikotoka, kule kwenye askari. Sikumwona tena.

Nilipofika huku waliniuliza kuhusu ndugu. Nikasema wamekufa wote. Sikuwatafuta hata siku moja. Niliogopa kuwakuta wazima.

Kumbe miaka thelathini mama alikuwa Kapalamsenga. Ukipanda gari la asubuhi hapa, jioni umefika. Alikuwa anakaa peke yake, amebeba kosa langu, ili mtoto mmoja asimchukie mwenzake, ambaye mama alidhani ni marehemu.

Nimempigia Didace mara tisa tangu jana. Hapokei. Ndiyo maana naandika hapa, ambako najua anasoma.

Didace, mdogo wangu. Mama hakukufunga. Mama ndiye aliyekufungua. Kesho napanda gari. Ukinifukuza mlangoni nitaelewa, ila kwanza unionyeshe kaburi lake.

Na nyie mnaoandika visa vya maisha yenu: ukichukua nafasi ya aliyeumizwa, ujue mwenyewe yupo mahali anaitafuta. Na wewe unayemnunia mzazi kwa jambo la zamani, nenda kaulize tena, kabla hajafa na jibu.

Yule aliyeandika kaka ni mbwa, asifute.