Mpelelezi wa Shamba la Baba

Ninafundisha Kiingereza katika shule moja ya Rumonge, mji wa kando ya ziwa, na muhula uliopita tulifika kwenye neno spy. Lilikuwa katika kisomo cha ukurasa mzima kuhusu mtu wa koti refu na miwani ya jua, katika mji wenye theluji. Saa saba mchana, joto la ziwa linaingia madirishani, wanafunzi wamebanana watatu watatu kwenye madawati, na mimi nieleze theluji kwanza ndipo nifike kwa huyo wa koti. Nilishachoka kabla sijashika chaki.

Nikauliza maana. Mmoja akasema kwa Kifaransa, espion. Mwingine akasema kwa Kirundi, intasi. Mtoto wa Wakongomani wanaouza vitenge akasema mupelelezi, kisha akaongeza methali, kikulacho ki nguoni mwako, na darasa likacheka. Nikaandika yote ubaoni. Nikawaambia Kiingereza hutumia neno hilo hilo kwa mtu na kwa kazi yake, na kwamba zamani, na hata leo katika michezo ya watoto, laweza kumaanisha kukiona kitu tu, bila ubaya wowote. Halafu nikafika kwenye vile vijineno viwili vinavyopenda kulifuata. Spy on, unamchungulia mtu. Spy for, kuna aliyekutuma. Nikasema jasusi huwa na watu wawili siku zote, anayeliwa naye na anayemlisha, na wao wakaandika hivyo hivyo kwenye madaftari kana kwamba ni kanuni ya sarufi.

Msichana wa mbele akauliza kama nimewahi kumwona jasusi kwa macho. Nikamwambia amalize kunakili, kengele iko karibu. Lakini nimewahi. Jasusi ninayemjua ni mimi.

Nilizaliwa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa baba aliyeikimbia Rumonge akiwa kijana mwenye suruali moja. Alituimbia shamba lake mpaka tukalichoka: michikichi juu ya mlima unaotazama ziwa, kijito kisichokauka, kaburi la mama yake chini ya jiwe jeupe. Njia ya kurudi ilipofunguka, hapakuwa na familia iliyofunga mizigo hivi hivi tu. Kwanza alitumwa mtu mmoja kwenda kuangalia. Mchungaji wetu alihubiri Jumapili tatu mfululizo juu ya wale wapelelezi waliotumwa Kanaani wakarudi na kichala cha zabibu mabegani. Kwetu sisi neno hilo halikuwa na aibu. Lilikuwa cheo, na watu walikionea wivu.

Baba alinichagua mimi, akawaacha kaka zangu, kwa sababu Kirundi changu kilikuwa kibovu na Kiswahili changu kilikuwa cha Kigoma kabisa. Jifanye mnunuzi wa mawese, akasema, nani atakujua? Akanipa maswali matatu ya kwenda nayo. Michikichi ipo? Kijito kinatoka? Kaburi la mama lipo?

Basi nikafika Rumonge na madumu mawili matupu, nikapanda mlima nikiulizia mawese kama niliyezaliwa nayo. Shamba nililijua kwa lile jiwe jeupe, lililoonekana tangu njiani. Palikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, paa la bati, na mama mmoja wa umri wa mama yangu aliyekuwa akichemsha chikichi kwenye pipa. Aliponiona akafuta mikono kwenye kitenge.

"Amahoro. Karibu, mugeni. Ikala kwanza, mawese haikimbie."

Akanipa bugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, zilizopikwa kwa mawese mapya. Nilikuwa sijala tangu jana yake, na sitasema uongo, nilikula mpaka nikaona haya. Akanisimulia mambo yake bila kuulizwa. Yeye na mumewe walipewa shamba lile walipooana, wakaambiwa halina mwenyewe. Matofali walifyatua wao, wakachoma wao, na mume alifariki mwaka ule ule walipomaliza kuezeka. Mimi nilikuwa nikiitikia, ehe, ehe, pole mama, huku nahesabu michikichi kwa jicho la pembeni.

Nilipotaka kuondoka akanishika mkono akanizungusha nyuma ya nyumba. Kaburi la bibi yangu lilikuwa limepaliliwa, limezungushiwa mawe madogo, na maua mekundu yamepandwa kichwani.

"Hapa iko mutu," akasema. "Tulimukuta. Jina yake siijui, lakini kila mwaka mbele ya mvua ninamulimia. Mutu hawezi kulala mu majani hivi."

Nikasema ni jambo jema. Ndiyo maneno niliyoyapata. Nikashuka mlima na madumu yangu, akanipungia mkono mpaka nilipokata kona.

Kule kambini, baba aliuliza maswali yake matatu nikampa majibu matatu. Michikichi ipo. Kijito kinatoka. Kaburi lipo. Akalia, akanibariki, akasema sina mfano. Sikumwambia habari ya bugali. Sikumwambia nani anayelipalilia kaburi. Nimejiuliza sababu miaka yote hii, na jibu halijawahi kunipendeza: niliogopa baba angelegea. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, sijawahi kulala hata usiku mmoja mahali ambapo hakuna mtu wa kunifukuza, na nilikuwa nalitaka lile shamba kuliko hata yeye.

Tukarudi. Kesi ikaitwa. Wale waliokaa kuisikiliza walikuwa wamechoka kuliko sisi. Walikuwa na kesi kama zetu kuanzia asubuhi mpaka jioni, kila upande una haki na kila upande una watoto. Wakapendekeza shamba ligawanywe, nusu kwetu, nusu kwa yule mama, nyumba yake ibaki yake. Wengi wakati ule walikubali hivyo wakaishi. Mama yule akatikisa kichwa kukubali. Baba akasimama.

"Nigawane na mtu aliyefanya kaburi la mama yangu jalala?"

Hakuwa ameliona. Hakuna aliyemwambia ni jalala. Alilitengeneza mwenyewe kichwani miaka yote ile ya uhamishoni, na mimi nilikuwa nimemwachia nafasi ya kulitengeneza. Yule mama akajibu taratibu kwamba sivyo, yeye hulilima kila mwaka. Baba akasema maneno ya mdomoni hayana kodi. Mkubwa wa kikao akamuuliza mama kama ana shahidi, mtu yeyote aliyeona.

Mama akanigeukia. Hakunyosha kidole, hakutamka neno. Alinitazama tu, pale kwenye benchi kando ya baba, na akangoja. Mimi nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vipya, baba alininunulia kwa ajili ya siku ile, na ninaweza kukueleza mpaka leo uzi wa kila tundu ulivyopita.

Shahidi hakupatikana, baba akakataa kugawana, akapewa shamba lote. Sikukuu za mwisho wa mwaka zilipofika tulikuwa ndani ya nyumba ya matofali, na mama yule alikuwa ameshuka kupanga chumba karibu na soko, anauza ndagala.

Siku ya kwanza baba alipozunguka nyuma ya nyumba na kuyaona yale maua, alisimama muda mrefu. Hakuniuliza kitu. Hakuwahi kuniuliza mpaka anakufa, mwaka juzi, na hilo ndilo linalonichosha kuliko yote, kwa sababu sijui kama alijua. Tulimzika pembeni ya mama yake. Tangu hapo sina tena wa kumfichia.

Kwa miaka yote hiyo nilinunua samaki upande wa pili wa soko. Siku ile ya somo, nilipotoka darasani na chaki bado vidoleni, miguu ikanipeleka upande wake. Amezeeka. Alikuwa anapepeta ndagala kwenye ungo, akainua macho.

"Eh, mwalimu. Leo umepotea njia?"

Nikamsalimu. Nikainama ili wenzake wasisikie, nikamwambia nimekuja kusema jambo ambalo nilipaswa kulisema zamani. Siku ile nilipopanda kwake na madumu sikuwa mnunuzi. Nilitumwa kulitazama shamba.

Akaendelea kupepeta.

"Nilijua," akasema. "Mununuzi wa mawese anatia kidole, anaonja, ananusa, anasema iko na maji ili umupunguzie. Wewe haukuonja. Wewe uliangalia paa."

"Ulijua, mama, na bado ukanipikia?"

"Nilikupikia juu nilijua. Nilisema, huyu mutoto wamemutuma. Basi na miye nitamutuma. Nikakulisha, nikakupeleka kwa kaburi, ili uende useme kwenu: kule iko mutu anaheshimu mufu wenu, mukuje tugawane." Akaweka ungo chini. "Ulisema?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

"Na pale mbele ya wale wakubwa, ningeweza kusema, huyu binti alikula kwangu. Lakini ungepata haya mbele ya baba yako. Nikasema nimungoje, atasema mwenyewe."

Nikamwomba msamaha, na neno msamaha likatoka dogo, la kumwomba mtu uliyemkanyaga mguu sokoni. Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Akanipimia ndagala, akaongeza konzi moja ya mgeni, akaniambia niziloweke vizuri kwa sababu zina mchanga.

"Murakoze," nikamshukuru.

Nikapanda mlima na mfuko wangu mpaka kwenye ile nyumba waliyoijenga yeye na mumewe, nikatoa ufunguo, nikaingia.